Bangili Iliyotoka Mkononi Jaipur

Jaipur, India
12 Februari 1956

Kaka yangu mpendwa Stanslaus,

Shikamoo kaka. Kabla ya lolote nataka kujua hali zenu hapo Tarime: wewe, wifi Bhoke, watoto, na miguu ya mama, kama baridi haijaisumbua tena. Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, ila moyo hauna amani. Tafadhali soma peke yako.

Tulifika salama mimi na Mama Kanta, mke wa Bwana Hiralal mwenye duka. Kwenye meli nilitapika mpaka nikaona bora nife, na treni ya kutoka Bombay ilikuwa na vumbi kushinda lori la pamba. Huku ndiko kwao Mama Kanta, na binti yake anaolewa mwezi ujao, basi kila siku tunazunguka sokoni, mimi mtumishi wake nabeba vikapu. Kaka, hawa watu wana mikono! Mtaa mmoja ni viatu vya ngozi ya ngamia vilivyotariziwa maua. Mwingine wanaume wanagonga mihuri ya mbao juu ya kitambaa, pa, pa, pa, na ua linakaa pale pale linapotakiwa. Kuna vyungu vya buluu ambavyo sijui nani kwetu angethubutu kuvitia uji. Mama Kanta akitajiwa bei anacheka, anaondoka, anaitwa, anarudi. Hata wale wa mnada wa ng'ombe hapo kwetu wangenyoosha mikono.

Jambo lenyewe lilitokea kwenye mtaa wa bangili. Wanazitengeneza kwa lakiri, ile ile ya kufungia barua za serikali. Wanaipasha moto juu ya mkaa, wanaiviringisha, wanabandika vioo vidogo. Mama Kanta alitaka kila mwanamke wa nyumba avae za arusi, nami nikiwemo, basi nikakaa nikatoa mkono. Mzee fundi akaiona bangili yangu ya chuma, ile aliyonivisha mama mkwe siku nilipoingia kwa Wangwe. Mama Kanta akanifasiria kwamba chuma kitapasua lakiri, lazima kitoke. Nikamjibu kwamba hakitoki, huku nacheka, maana nimenenepa na nilijua kweli hakitoki. Kumbe yule mzee amezoea mikono ya kila namna! Alinipaka sabuni, akanibana vidole vyote pamoja, akavuta mara moja. Kikatoka.

Nilipiga yowe, kaka, mtaa mzima ukasimama. Wewe unajua kwetu chuma kile hakitoki ila mume amekufa. Nilijiona nimemuua Wangwe mimi mwenyewe, hapo sokoni, kwa sabuni. Nikaomba kirudishwe, lakini mkono ulikuwa umeshavimba, hakikuingia. Wanawake wa pale hawakuhitaji kuelezwa, kwani na kwao mke akifiwa huvunjwa bangili zake. Bibi mmoja alinivisha haraka haraka zile nyekundu, mikono yote miwili, huku akimwomba Mungu wake. Nililia mpaka nyumbani.

Tangu hapo nikawa narudisha sahani jikoni kama ilivyo. Mlango ukigongwa, naruka, najua ni habari ya msiba. Mwishowe Mama Kanta alinihurumia, akampelekea Bwana Hiralal telegramu hapo Tarime. Jibu lilikuja juzi, kwamba Wangwe ni mzima kabisa, na amefika dukani kuuliza mke wake anarudi lini. Nyumba nzima ikapiga makofi. Mimi niliketi chini nikalia, wakadhani ni furaha.

Haikuwa furaha, kaka. Niliposikia yu hai, ndipo hofu yenyewe iliponishika. Nikajua kwamba siku zote zile nilikuwa naogopa amekufa, na huku nangoja niambiwe hivyo. Mungu anisamehe. Ule mkono nilioufunga kitambaa siku ya ubatizo wa mwanao, nilikuambia nimeanguka na mtungi. Sikuanguka. Na jino langu la mbele halikuvunjwa na mfupa. Yeye husema alitoa ng'ombe bure kwa mwanamke asiyezaa, na akishasema hivyo huwa anatafuta fimbo.

Sasa uvimbe umeisha. Chuma kinaingia, nimekijaribu mpaka kwenye vifundo vya vidole, nikashindwa kuendelea. Sirudi kwa Wangwe. Naogopa hata kuyaandika haya, lakini nimeyaandika. Na najua maana yake kwako. Ng'ombe walioletwa kwa ajili yangu ndio uliowatoa ukamwoa Bhoke, na Wangwe atakuja kuwadai mlangoni kwako pamoja na ndugu zake. Akiwakosa, itabidi uwadai kwa wakwe zako, nao si watamtaka Bhoke arudi kwao? Wifi hajanikosea kitu. Kila nikiwafikiria wale watoto, naogopa kuliko ninavyomwogopa huyo mwanamume. Labda wazee wa ukoo watakaa, labda atakubali kulipwa pole pole, sijui. Siwezi kukudanganya kwamba nina mpango.

Meli yetu inaondoka Bombay mwishoni mwa Machi. Nijibu kwa anwani iliyo nyuma ya bahasha. Ukisema nisije kwako sitakulaumu, wallahi sitakulaumu, ila uniambie nikiwa bado huku. Nisije nikashuka kwenye lori hapo Tarime nikamkuta yeye tu ndiye anayenisubiri.

Msalimie mama, uwasalimie watoto, na Mwalimu Athanas, na wote wanaoniuliza kwa wema. Wangwe akikuuliza, mwambie barua haijafika. Wifi Bhoke nimemnunulia kitambaa cha maua mekundu, naona kitampendeza kanisani. Mpe salamu nyingi, lakini haya mengine usimwambie bado. Mwache kwanza alale usingizi.

Mimi mdogo wako,
Rhobi