Mwalimu, Gari Limewaka

Mwalimu Mligo, swahiba wangu,

Gari limewaka. Naanza na hilo, maana najua ungenikatiza salamu uliulize kwanza.

Limewaka kwa spea usizozitaka. Ndani ya distribyuta sikurudisha platini, nimefunga kile kidude cha umeme ulichokiita mdudu. Dainamo ya kuchaji betri nimeishusha, mahali pake pana alteneta. Masta silinda ya breki nayo ni ya kiwanda kingine kabisa. Ulizoea kuniambia, "Hizo kopi kafungie bajaji, Selemani. Gari la Kiingereza la miaka ya sitini lina heshima yake." Nami nakujibu kwamba heshima haisimamishi gari kwenye mteremko. Tulibishana hivyo miaka mingi, tangu ulipolivuta kutoka kwenye banda la yule mzee wa Matambarale, kuku wanatagia kwenye viti vyake viwili, ukalileta gereji kwangu hapa Nachingwea. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mwalimu mzima kutoka Ruangwa kanunua gari la watu wawili, halina paa, korosho atabebea wapi?

Ulipougua ukalazwa, wodini ndiko ulikolegea. Nilikukuta umegeukia ukutani, ukasema bila kugeuka, "Agiza hizo kopi. Nataka nilisikie likinguruma." Nikaagiza Dar. Nilipofika mlangoni ukaniita tena. Hapo ndipo uliponiambia lile la pili. "Nikifa nilazeni Nandagala, kwa Regina. Usiache wanipeleke Njombe." Nikasema sawa.

Nilijaribu, Mwalimu. Ndugu zako walipofika Ruangwa, vumbi la safari likiwa bado nguoni, nilisimama mbele yao na kofia mkononi, nikawaeleza ulivyotaka kulazwa kando ya mkeo. Kaka yako mkubwa alinisikiliza hadi mwisho. Hakunikaripia. Akasema, "Fundi, tunakushukuru kwa kumtunza ndugu yetu. Lakini mama yetu bado yu hai. Hawezi tena kusafiri, na anataka kuliona kaburi la mwanawe." Nilimtazama Neema, mwanao, naye bado amevaa sare zake za unesi. Akainamisha kichwa.

Wakakupakia. Gari lao likapinda kona ya sokoni, mimi nimesimama barabarani na majirani zako. Rafiki hana fungu katika maiti. Nililijua siku ile.

Spea zilishuka na basi siku chache baadaye, boksi lina jina lako. Nikalisukuma chini ya meza. Alikuja mnunuzi wa vyuma chakavu, akaanza kulipima gari kwa macho, nikamfukuza kwa maneno ambayo usingependa kuyasikia. Gari likakaa, limefunikwa turubai, mpaka Neema alipokuja. Alilifunua mwenyewe. Akasema, "Baba mdogo, limalizie. Mimi nina pa kwenda nalo."

Hakuna kilichoingia kwa hiari. Alteneta ni nene kuliko dainamo, ikawa inagusa bodi, nikachonga mkono mwingine wa kuishikilia. Pini ya pedali haikuingia kwenye tundu la masta silinda, nikalipanua kwa tupa, kidogo kidogo, huku nikisikia unavyonicheka. Na Waingereza wako hao! Chanya ya betri wameifunga kwenye bodi. Ikabidi kwanza nigeuze nyaya, la sivyo alteneta ingeungua siku hiyo hiyo.

Halafu breki.

Unajua kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili. Wewe ulikuwa ukikaa juu kwenye pedali, mimi nimelala chini na spana. "Kanyaga. Shikilia. Achia." Nawe unaitikia, "Ndiyo, mwalimu," kwa sauti ya mtoto wa darasa la pili, eti kunikomoa. Sasa siku hiyo nimeingia chini ya gari, nimeweka spana kwenye nati, nikasema, "Kanyaga."

Kimya.

Nilikaa kule chini, Mwalimu. Mafuta ya breki yananidondokea mkononi na mimi sikuyafuta. Tangu wakuchukue sikuwa nimelia, nilikuwa mtu wa kushukuru waombolezaji na kukunja mikeka. Kule chini hakuna aliyeniona. Kesho yake Neema akaja kukanyaga. Anakanyaga kwa adabu mno, anaogopa kuvunja kitu, lakini upepo ulitoka.

Ndipo akaniambia pa kwenda. Nandagala.

Tulipita Ruangwa mchana. Watu walitoka madukani. Mwanafunzi wako mmoja wa zamani alisimamisha pikipiki katikati ya barabara akapiga kelele, "Gari la Mwalimu hilo!" Halafu akaona ni mimi ninayeendesha, si wewe, akavua kofia.

Kwenye shamba la wakwe zako nyasi zilikuwa zimelifunika kaburi la Regina. Neema alipiga magoti, akazitenga kwa mikono mpaka msalaba ukaonekana. Akasema, "Mama, baba hayupo. Tulishindwa kumleta. Tumeleta gari lake tu." Kisha akalia kilio ambacho msibani hakukilia. Mimi nilibaki nimeshika mlango. Injini sikuizima, niliogopa ukimya utakaofuata. Ilikuwa inanguruma vizuri, laini, kama ulivyokuwa ukiniigizia kwa mdomo gereji. Niliuchukia uzuri wake.

Mmelazwa mbalimbali, watu wawili ambao sijawahi kuwaona wakila kwenye sahani tofauti. Sina spea ya hilo. Mama yako nimemsamehe, kama ni langu kusamehe. Naye kakuzaa.

Mvua zikiisha nitamchukua Neema, tushike njia ya Masasi na Tunduru, tupite Songea, tuipande baridi ya kwenu. Tutakwenda polepole. Nitamsalimu mama yako, nikae naye, nimweleze ulivyoishi huku, maana nadhani hakuna aliyemweleza. Kwako nitasimama niombe dua kwa namna ninayoijua mimi, nawe utanivumilia kama ulivyonivumilia siku zote.

Na Nandagala nitakuwa ninapita. Jembe liko nyuma ya kiti. Kaburi la Regina halitaota tena majani mimi nikiwa na mikono.

Pumzika, Mwalimu. Mungu akulaze pema huko walikokulaza.

Ni mimi fundi wako,
Selemani