Maji ya Kifuani

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda. Nimekwenda na nimerudi, na wodini sijamwambia mtu.

Daktari wa magoti ndiye aliyeanza: tembea ndani ya maji, mama, maji yatakubebea uzito. Binti yangu akadakia hapo hapo. Akanitafutia bwawa la mtaa, wana darasa la watu wazima, umri wowote, akaniandikisha kabla sijapata kisingizio.

Chumba cha kubadilishia — nilikaa humo hadi wenzangu wote walipotoka. Miaka yote hii ya ukunga nimewavua wanawake nguo huku nikiwaambia hapa hakuna aibu, sote tumeumbwa. Leo mimi nimejificha nyuma ya pazia na taulo mbili. Vazi la kuogelea la binti yangu linanibana kote. Nikivuta chini, juu panafunguka.

Mwishowe nikajiambia maji nimeshayavulia nguo. Nikatoka.

Sote ni wanawake. Mwalimu angeweza kuwa kitinda mimba wangu. Ana filimbi shingoni lakini hajaipuliza hata mara moja. Mkubwa wetu ni fundi cherehani mmoja, amenizidi umri si haba, kajishonea vazi lake mwenyewe, mikono mirefu na kisketi, na kofia ya njano juu. Anacheka na maji kama mtoto.

Mimi nilishika ukuta mwanzo hadi mwisho. Vidole vimekunjamana kama vya mtoto aliyepitiliza siku zake tumboni.

Alhamisi, 6 Machi

Nimetambuliwa. Mmoja wao kaniuliza kama si mimi niliyemzalisha mtoto wake wa pili. Sikumkumbuka. Moyoni nikajibu kwamba, kwa kazi yangu, uso ndio ninaouangalia mwisho. Sasa wote wananiita Sista, na wanategemea niwe jasiri.

Zoezi: ingiza uso majini, toa pumzi polepole. Pumzi! Si ndiyo kazi yangu? Wauguzi wadogo wananiita Jenerali, wanadhani sijui, kwa jinsi ninavyoamrisha watu kupumua. Niliingiza uso, pumzi yote ikatoka kwa mkupuo, nikaibuka nakohoa na makamasi juu.

Pumua, mama, mwalimu akasema. Kwa upole kuliko mimi ninavyosema.

Fundi alikuwa kando yangu. Akaniambia siku yake ya kwanza aliyanywa maji hadi akakosa nafasi ya chakula. Halafu akatazama vazi langu linavyonikaba, akatikisa kichwa. Atanishonea lingine. Akanipima mabega kwa shubiri pale pale majini. Nilicheka. Sikumbuki lini mtu alinipima kitu chochote. Mimi ndiye ninayepima.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeelea!

Mwalimu aliweka kiganja chini ya shingo yangu, akasema legeza kichwa, kiwe kizito. Masikio yakaingia majini, kelele zote zikazimika. Nikasikia moyo wangu mwenyewe — mbali, mzito, kama ninavyosikiliza moyo wa mtoto kupitia tumbo la mama yake. Nikatazama mbingu. Magoti hayakuuma. Sikuwa na magoti.

Nilipogeuza macho mwalimu alikuwa kule, anamsaidia mwingine. Alishaniachia zamani. Fundi alikuwa akinipigia makofi, maji yanaruka.

Jioni nimepika nikiimba. Mzee wangu akachungulia jikoni kuuliza kama tuna mgeni.

Jumanne, 11 Machi

Nimefanya kitu kibaya.

Alhamisi, 13 Machi

Nitaandika. Hapa hakuna mwingine atakayesoma.

Juzi tulitembea hadi maji ya kifuani. Fundi mbele, mimi nyuma. Mwalimu alikuwa ng'ambo na wale wawili wanaoogopa. Mguu wangu ukateleza. Uso ukazama, nikameza, na akili yote ikanitoka. Niliishika shingo ya fundi. Nikampanda. Ndiyo, nilimpanda kama ngazi. Nilihisi kitu laini chini ya mguu, nikakikanyaga ili niinuke. Lilikuwa paja lake.

Mfamaji haachi kutapatapa, najua. Kama ingeishia hapo ningeweza kuishi nayo.

Mwalimu alituvuta wote wawili hadi ukingoni. Fundi anakohoa, anatapika maji, hawezi kutamka neno. Mwalimu akauliza kimetokea nini. Na mimi, niliyezoea kutoa ripoti, nikajibu kwa sauti iliyotulia kabisa:

"Alinishika."

Fundi aliinua macho, akanitazama. Kofia ya njano ilikuwa imemtoka, nywele zake nyeupe zimelowa, zimelala. Aliendelea kukohoa. Angesemaje?

Leo hakuja. Mwalimu anasema amepiga simu kwao, akapokea mtoto wake wa kiume: mama hatarudi, ameshakuwa mzee, asije akazamisha watu. Kule kubadilishia nguo wakawa wanaizungumza. Nusura atuulie mkunga wetu, mmoja akasema. Yule niliyemzalisha akanishika bega, akanipa pole.

Nikaipokea. Nikasema asante.

Ijumaa, 14 Machi

Wodini. Muuguzi mpya aliacha dripu ikaisha, kisha akasema ndugu wa mgonjwa ndiye aliyeichezea. Nilimweka kando, nikamsomea. Hapa tunasema tulichofanya. Uongo wa wodini unaua mtu. Na kadhalika na kadhalika.

Alikuwa analia, anasema samahani Sista. Katikati ya maneno nikasahau nilichotaka kusema. Nikamwambia aende akanywe chai.

Jumapili, 16 Machi

Mkwe wa fundi, mke wa mtoto wake, amekuja hadi mlangoni. Kauliza nyumba ya Sista, kaonyeshwa. Kaleta mfuko.

Ni vazi langu. Buluu iliyokolea, mikanda mipana, kifuani limewekewa bitana. Mama anasema kitambaa kilikuwa kimeshakatwa kwa kipimo chako, hakitamfaa mwingine.

Nikauliza hali yake. Yupo, anasema, ila hatoki. Mume wangu amemkataza, na yeye hakubisha, na si kawaida yake. Tangu baba afariki hakuwa na kitu cha kungoja ila siku za bwawa. Usiku anatandika nguo zake kitini kama mtoto wa shule.

Kisha yule dada akainamisha macho, akasema: "Tusamehe sana, Sista. Kwa yaliyotokea."

Wananiomba msamaha mimi!

Nilikuwa nimeshika vazi lile mkononi. Nilipaswa kusema pale pale. Nilimwambia hamna neno, msalimie mama. Nikafunga mlango.

Uso umeumbwa na haya, wanasema. Wangu sijui uliumbwa na nini.

Mzee ananiuliza mbona sili.

Jumatatu, 17 Machi

Nimekwenda kwa fundi.

Chumba cha mbele, cherehani dirishani, vitambaa hadi juu ya redio. Mtoto wake alikuwepo, mwanamume mzima mwenye mvi kidogo. Akaniamkia, akanipangusia kiti. Kabla sijakaa akaanza: mama yetu, Sista, tunamwambia ajipumzishe, hasikii...

Nikamkatiza. Nilijua nikikaa sitasema.

"Si yeye aliyenishika. Mimi ndiye niliyemshika. Nilimkanyaga hadi akazama, na nikasema uongo."

Akaduwaa na kile kitambaa cha kupangusia mkononi. Fundi hakugeuka. Alishona hadi mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno.

"Nilikuwa najua," akasema. "Paja langu bado lina alama."

Nikaanza kuomba radhi. Akanyanyua mkono.

"Paja litapona. Woga nao kila mtu anao, hata mimi ningekupanda. Lakini, mwenzangu, pale ukingoni mimi sikuwa na pumzi ya kusema. Wewe ulikuwa nayo. Ukaitumia vile."

Mtoto wake alitoka nje, nikamsikia anatembea huku na huku uani.

Nikauliza nifanye nini. Akatunga uzi kwenye sindano, polepole, akiitazama kwenye mwanga. "Wamesikia watu uliposema. Basi na wasikie tena."

Hakunisindikiza.

Jumanne, 18 Machi

Niko kwenye benchi la bwawa. Mwalimu anadhani napumzisha magoti.

Nimesema. Kabla hawajaingia majini, wote wamesimama na taulo zao. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yakapotea, nikayatoa vipande vipande. Nilimshika. Nilimkanyaga. Nikasema yeye. Yule niliyemzalisha aliinama kurekebisha kandambili ambazo hazikuwa na tatizo. Mwalimu akasema asante, mama, ingieni majini. Wakaingia. Mimi nikabaki hapa.

Ningeweza kwenda nyumbani. Nimeshachukua mkoba, ndipo nikatoa daftari hili.

Fundi amekuja.

Ameingia getini na mtoto wake aliyembebea mfuko. Wanawake wamempigia kelele za furaha, yeye anapunga mkono tu. Amepita mbele yangu kwenda kubadilisha. Nimesimama, nikamwamkia — "Shikamoo," wala sijawahi kumwamkia hivyo, tumekuwa tukitaniana. Ameitikia marahaba bila kusimama.

Mtoto wake hakuondoka. Amekaa mwisho wa benchi hili hili, mikono kifuani. Haniangalii.

Mwalimu anawapanga wawili wawili. Mmoja alale chali juu ya maji, mwenzake amshike shingo, asimwachie mpaka aambiwe. Wote wameshashikana. Fundi amebaki peke yake katikati.

Mwalimu amenitazama. Wote wamenitazama. Mtoto wake naye, sasa.

Fundi ameuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza kipimo:

"Sista. Nani analala kwanza?"

Naweka kalamu chini; nitamjibu nikiwa majini, ndani ya vazi alilonishonea.