Ombi Lako Limekubaliwa

Jumatatu, 4 Mei
Mvua tena. Njia ya Lemara tope tupu. Nimeingia darasani viatu vimeloa. Misingi ya usalama wa mtandao, asubuhi yote. Mwalimu anasema mlango dhaifu kuliko yote ni binadamu. Kompyuta haina haraka, haina hofu, haitamani kitu. Ukitilia shaka ujumbe, anasema, uliza kwa njia nyingine. Nimeandika kila neno.

Ofisi ya mafunzo kwa vitendo bado kimya. Wamenipangia Mwanza. Nimeomba wanibadilishie kituo, nibaki Arusha. Tangu kaka Eliamani afariki, mama yuko peke yake kijijini kwetu Kikwe na presha yake. Sitaki kwenda Mwanza. Nimemweleza Rehema tu, ninayeishi naye chumba kimoja.

Alhamisi, 7 Mei
Imekuja! Barua pepe kutoka ofisini: "Ombi lako la kubadilishiwa kituo limekubaliwa. Ingia hapa uthibitishe." Nimeingia, nimeandika jina na neno la siri, basi. Nikampigia mama papo hapo. Amepiga kigelegele kwenye simu. Hajacheka tangu msiba.

Jumanne, 12 Mei
Ilikuwa uongo.

Zoezi la darasa. Kikundi kimoja kilipewa kazi ya kutunga barua pepe ya kitapeli na kuitupia darasa zima, ionekane nani atanasa. Wengi waliipuuza. Tuliokuwa tunangoja jibu la ofisi ndio tulionasa. Mwalimu ameficha majina yetu, lakini maneno ya siri ameyaweka kwenye projekta, tuone yalivyo mepesi. La kwangu lilikuwa jina la kaka na mwaka aliozaliwa.

"Eliamani ndiye nani?" mtu akauliza nyuma.

"Shemeji yetu huyo!"

Darasa likacheka. Mimi nilitazama meza.

Rehema hakucheka. Alikuwa amesimama mbele na kikundi chake. Ndicho kilichotunga.

Jumatano, 13 Mei
Rehema amelia. Mimi sikulia. Nimechoka.

"Wallahi sikukulenga wewe," amesema. "Mwalimu alitaka tutafute kitu ambacho mtu anakitamani mpaka anasahau kuangalia. Nikakumbuka unavyoongea kuhusu mama yako."

"Kwa hiyo ulinilenga."

Chumba kidogo, hatuna pa kukwepana.

Jumamosi, 16 Mei
Kikwe. Nilitaka kumwambia mama kwa simu, nikashindwa. Nimemkuta anatandika kitanda changu shuka mpya. Majirani wote kashawaambia, hata wanakwaya wenzake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona uko hivyo?"

Nikamwambia. Ikabidi nirudie. Hakuelewa mwalimu anawezaje kuwadanganya wanafunzi wake kwa makusudi.

"Ili mjifunze nini?"

"Tusiamini kila tunachotumiwa."

Akaguna. Akaendelea kunyoosha shuka. "Si mngeambiwa tu."

Najichukia. Rehema namchukia zaidi.

Jumatano, 20 Mei
Barua pepe nyingine. Kichwa chake kilekile: ombi la kubadilishiwa kituo limekubaliwa. Safari hii kikundi kingine, bila shaka. Wananiona zuzu. Nimeifuta bila kuifungua.

Nimejisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Sinaswi tena.

Jumatatu, 1 Juni
Nimekwenda ofisini kuchukua barua yangu ya Mwanza. Dada wa pale akatafuta jina langu kwenye kompyuta, kisha akanitazama.

"Wewe si tulikukubalia ubaki Arusha? Tulikutumia barua pepe uthibitishe."

"Lini?"

"Tarehe ishirini. Mwisho ilikuwa Ijumaa. Hukujibu, nafasi tumempa mwingine."

Nikamweleza yote, zoezi, projekta, vicheko. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya.

"Ungekuja tu kuuliza, mdogo wangu," akasema. "Tuko hapa hapa."

Kweli, wako hapa hapa. Napita mlangoni kwao kila siku nikienda darasani. Kuuliza kwa njia nyingine nilifundishwa, na niliandika. Ila niliogopa waseme nimeamini tena. Ni hilo tu. Aibu.

Rehema ameniuliza mbona nimevimba macho. Nikamwambia. Amekaa kitandani kwake na hijabu mkononi, hakuivaa, hakuiweka chini. Nilidhani nitamgombeza. Haikutoka.

Jumapili, 7 Juni
Kikwe. Naondoka Jumanne.

Mama amenifungia maharage na unga, kana kwamba Mwanza hakuna chakula. Tumekula loshoro pamoja, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando. Maziwa yake yameganda vizuri, nikamsifia.

"Na lile ombi lako la kweli," akauliza, "walikujibu?"

"Walikataa, mama."

"Haya. Wana sababu zao."

Sijawahi kumdanganya jambo kubwa kiasi hiki. Nimeona afadhali awalaumu watu wa ofisi.

Jirani yetu, Mama Anaeli, ameahidi kuja kumwangalia asubuhi na jioni. Nimemwonyesha dawa za presha, zipi kabla ya chakula, zipi baada. Ameelewa.

Sasa mama ametoka kumpa ng'ombe majani. Mimi niko jikoni, nimemaliza kuvunja kuni za kesho. Namsikia anamsemesha kwa Kimeru, sauti ya chini, maneno mengi. Ananyamaza kidogo, kama anayesubiri kujibiwa, halafu anaendelea.