Papa, Haikuwa Shule Yako

Papa yangu mpendwa,

Jumapili iliyopita nilimpeleka Aline shule ya bweni. Ni shule ya masista, upande wa Giheke, nyuma ya kilima ulikozaliwa. Mimi nilibeba godoro kichwani, yeye akabeba valizi ya nguo na ndoo, na njiani tulizungumza vizuri tu. Tulipofika getini, sista aliandika jina lake kwenye daftari, akatuambia tuagane upesi kwa sababu wazazi wengine walikuwa wanangoja. Aline akanishika mkono.

"Maman, utakuja kunitwaa siku gani?"

Ni swali ambalo kila mtoto wa bweni anauliza. Sista akajibu mahali pangu: "Kwa Noeli, binti yangu." Niliposikia hivyo nikageuka, nikaondoka bila hata kumkumbatia mtoto. Nililia njia nzima mpaka hapa Mururu. Fidèle aliniuliza kuna nini, nikamwambia kichwa kinauma. Hata yeye, mume wangu, hajui yote. Ndiyo maana nakuandikia wewe, ingawa ni wewe peke yako ambaye hutasoma.

Habari za bweni wewe ulizijua kuliko sisi sote. Kule Congo tulikokulia, watoto wa majirani walisimuliwa habari za sungura na fisi. Sisi ulitusimulia shule ya mapadri. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, baba yako akakutembeza siku mbili kwa miguu hadi misheni, ukiwa na mkeka begani na viazi vya kuchemsha vilivyofungwa kwenye jani la mgomba. Walikunyoa nywele, wakakupa kaptula moja, blanketi moja na jina jipya, Matayo. Baba yako alipoondoka ulimkimbilia hadi mwisho wa mikalitusi, na padri mmoja akakurudisha akikushika sikio.

Kengele ililia kabla ya jua. Mlinawa maji ya kijito, baridi mpaka meno yakagongana, halafu misa, halafu darasa: Kilatini, hesabu, katekisimu, kuimba. Mliandika kwenye vibao kwa sababu karatasi zilitoka mbali sana. Alasiri mlifyatua matofali, na mwaka uliofuata mkasomea ndani ya matofali hayo hayo. Ulijua lako lilipo, dirisha la pili, kwa sababu lilikuwa na alama ya kidole chako. Mezani kusema ilikuwa marufuku. Mwanafunzi mmoja alisimama akasoma maisha ya watakatifu, wengine mkimeza maharage, na Padri Mkuu, mzungu mwenye ndevu zilizofika kifuani, alipita nyuma yenu akisikiliza nani anatafuna kwa kelele.

Na Karoli, rafiki yako. Siku za Kilatini, ambapo aliyesema Kinyarwanda alipigwa fimbo, Karoli alichukua Kinyarwanda chake akakiwekea mkia. Maharage, *ibishyimbo*, kwake yalikuwa "ibishyimbus". Alikuomba umsogezee "ibishyimbus" akiwa na uso mzito kama wa askofu, na wewe ukacheka, ukapigwa wewe. Kila ulipofika hapo ulicheka tena mpaka ukafuta macho kwa shati, na Maman akasema, "Muone, muzee muzima."

Padri hukuwa. Ulisema ni kwa sababu ulimwona Maman kanisani siku ya Pasaka. Maman alisema ni kwa sababu ulishindwa kunyamaza mezani. Ukawa mwalimu, ukaoa, na nyakati za fujo zilipokuja ukavuka mto kuingia Congo na mke wako na mimi mgongoni kwake. Ukafundisha watoto wa Congo zaidi ya miaka ishirini. Kiswahili hiki cha vitabu ninachokuandikia ni chako. Ulinisahihisha kila mara niliposema kama watu wa sokoni, na nikikasirika ukaniambia, "Sema unavyotaka, lakini andika vizuri."

Maman alipokufa, akili yako ilianza kurudi nyuma. Kwanza ulisahau majina ya wajukuu. Halafu ukaniita mimi kwa jina la mama yako. Mwishowe ulikuwa unaamka unatafuta kibao chako, unauliza kama kengele imelia. Mwanzoni tulicheka, Papa, unisamehe. Wewe mwenyewe ulikuwa unatusimulia ili tucheke, tukadhani ni hadithi zile zile.

Halafu vita ikaja. Fidèle alikuwa ametangulia Kamembe, ng'ambo ya mto, kututafutia mahali pa kuishi, maana tayari watu walikuwa wanatuambia turudi kwetu, hata wale uliowafundisha kusoma. Nilibaki na wewe, na Aline wa miaka sita, na Patrick ambaye alikuwa bado ananyonya. Mchana mmoja jirani yetu Mama Furaha aliingia bila kubisha hodi. Hakukaa.

"Muende leo," akasema. "Wakija kesho, mimi sitaweza kuwatetea."

Nilifunga nguo na unga. Wewe ulikaa kwenye kiti chako ukakataa kuinuka. Nilikubembeleza, nikakuvuta mkono, nikakukaripia, nikaona unaanza kulia. Ndipo nikasema, sijui neno lilitoka wapi, "Papa, masomo yanaanza. Bapadri banakungojea."

Uliinuka mara moja. Uliuliza mkeka wako uko wapi.

Siku mbili tulitembea kwa uongo huo. Barabara ilijaa watu wenye magodoro na mbuzi, na wewe ulipita kati yao ukiwaambia wanyooshe mstari na wanyamaze. Kwenye kizuizi kimoja kijana mwenye bunduki alikuuliza unaenda wapi, ukamjibu kwa Kilatini. Alikutazama, akamtazama mwenzake, akasema, "Ule ni mugonjwa wa kichwa tu, acha apite." Tukapita wote wanne kwa sababu yako. Nilimwona mtu aliyekuwa nyuma yetu akivutwa pembeni. Sikugeuka tena.

Siku ya tatu miguu yako ilivimba, viatu havikuingia. Mvua ilikuwa inanyesha. Ulikaa kwenye matope ukasema umechoka, utakuja kesho. Nilijaribu kukubeba. Nilikuwa na Patrick mgongoni, nikajaribu kukuinua kwa mbele, nikaanguka nawe, na Aline akaanza kupiga kelele. Wanaume wawili waliokuwa wanapita ndio waliokushika makwapa, wakakufikisha kwenye misheni iliyokuwa karibu.

Ilikuwa misheni ya zamani, Papa, ya matofali mekundu, yenye mikalitusi mpaka kwenye geti. Uliinua kichwa. Uso wako ulifunguka namna ambayo sikuwa nimeiona tangu mazishi ya Maman.

"Tumefika," ukasema.

Padri Severini alitutokea mlangoni. Wewe humkumbuki labda: mzee wa Kishi, kabila la huko, mfupi, kanzu yake imetiwa viraka. Alitazama miguu yako, akanivuta pembeni.

"Mama, huyu hatatembea tena. Bale basoldat benye bunduki banashuka huku. Ukienda sasa, utafika ku daraja mbele ya jua kuzama. Kesho mimi sijui. Muache hapa, kuko bazee bengine, nitabachunga pamoja."

"Ni baba yangu," nikasema.

"Najua. Na hawa ni batoto bako."

Nilisimama pale, mvua inaingia machoni. Nimejiuliza mara nyingi nilifikiri kwa muda gani, na kila mara naona kwamba haukuwa mrefu.

Nikakujia. Ulikuwa umeketi kwenye ngazi, unapangusa matope miguuni ili uingie safi. Nikakuambia, "Papa, ndiyo hapa. Bapadri batakuonyesha kitanda."

Ulinitazama. Ukauliza, "Utakuja kunitwaa siku gani?"

"Kwa Noeli, Papa."

"Usisahau kuniletea chumvi. Hapa chumvi ni kidogo."

Ukanipa mkono kama mtoto anavyompa mkubwa, kwa adabu, kichwa chini. Halafu ukaingia na Padri Severini, ukichechemea, na hukugeuka. Mimi nikaenda. Aline aliniuliza umebaki wapi, nikamwambia uko masomoni. Tulivuka daraja la mpakani, Rusizi ya Pili, siku ile ile, jioni, na mtoto wangu kwa miezi alimwambia kila aliyemuuliza, "Sogokuru iko ku masomo, atarudi kwa Noeli." Majirani walidhani ana babu padri.

Noeli ikaja, barabara imefungwa. Hapa Mururu walikuwa wametupa shamba dogo la mteremko, na kutoka kwenye maharage yangu naona milima ya ng'ambo. Siku ile sikwenda kanisani. Nilisimama shambani toka asubuhi nikitazama huko, kama mtu anayeweza kuona.

Njia ilipofunguka, mvua kubwa zilikuwa zinaisha. Nilivuka na kilo mbili za chumvi. Nilifika getini. Padri Severini aliponiona alivua kofia, nikajua. Ulikuwa umekufa tangu mwezi wa pili, kwa homa ya mapafu. Alinipeleka nyuma ya nyumba ya wazee. Kwenye msalaba waliandika Matayo, basi, kwa sababu ulipoulizwa jina la ukoo ulijibu kwamba shuleni halitumiki. Chumvi niliiacha jikoni kwao.

Nilimwomba aniambie yote. Alikataa, nikasisitiza, akaniambia. Ulikuwa mwanafunzi mzuri, Papa. Ulitandika kitanda kabla ya wengine, ulifagia kanisa, uliitikia misa kwa Kilatini cha zamani ambacho hata yeye alikuwa amekisahau. Siku ya Noeli uliamka mapema, ukanawa, ukakunja blanketi, ukaenda kuketi kwenye ngazi na kifurushi chako. Walikuita kula, ukasema, "Binti yangu anakuja, atanikosa." Ukakaa mpaka jua likazama. Kesho yake pia. Wiki nzima, kwenye baridi ile, na ndiko homa ilikoanzia. Hakulisema hilo la mwisho. Nililihesabu mimi.

Nilianguka chini pale kaburini. Hapo ndipo Padri Severini alichuchumaa kando yangu akaniambia neno ambalo ndilo sababu ya barua hii.

Alisema kwamba siku mbili kabla ya kufa, homa ilishuka na akili yako ikarudi yote. Ulimwita kwa cheo chake, ukamuuliza habari za vita. Akasema ulimwambia hivi: "Padri, mimi najua hapa si shule. Nilijua tangu pale mlangoni. Nilimwona binti yangu ana mtoto mgongoni na mwingine analia, na hawezi kuniacha. Nikaona afadhali niwe mwanafunzi."

Nilimtazama usoni. Alikuwa anatazama udongo.

Papa, miaka imepita na bado silali kwa sababu ya neno hilo. Kuna siku nakuona vizuri kabisa, umeketi kwenye ngazi zile unapangusa miguu, mwenye akili zako timamu, unachagua swali la kuniuliza ili nipate jibu jepesi. Ingekuwa wewe kabisa. Mtu aliyepigwa fimbo za Karoli bila kumtaja angefanya hivyo. Lakini kama ulijua, basi Noeli uliketi kwenye baridi ukijua sitakuja, na hilo siwezi kulibeba. Na kama hukujua, basi ulifia pale ukidhani nimekusahau, na hilo nalo siwezi. Nageuza upande huu, nageuza ule, hakuna upande wa kulalia.

Na kuna la tatu. Labda hukusema kitu. Labda Padri Severini aliona mwanamke amelala kwenye udongo akatafuta neno la kumwinua, kama vile mimi nilivyolitafuta la kukuinua wewe kwenye kiti. Nilikusudia kurudi kumuuliza, nimshike mkono, nimwambie: nipe ukweli tu, nitauvumilia. Nikawa naahirisha, msimu wa kupanda, msimu wa kuvuna. Vita ya pili ikaja. Walimuua pale misheni pamoja na wazee wake, na nyumba ikachomwa. Mtu aliyetoka huko aliniambia makaburi ya nyuma hayaonekani tena, majani yamefunika. Sasa njia ni wazi na watu wanavuka kila siku na nyanya zao, lakini hakuna tena wa kumuuliza.

Basi nakuuliza wewe, Papa, kwa Kiswahili ulichonifundisha, ingawa najua hutajibu. Pale mlangoni, uliponipa mkono na kuinamisha kichwa, ulikuwa unajua ni nani unamuaga?

Pumzika, Matayo wa watu. Pumzika, mwalimu wangu. Mimi nitaendelea kuuliza mpaka tuonane.

Ni mimi, binti yako, uliyevuka naye mto akiwa mgongoni kwa mama yake.