Nimekula Pongo, na Sifuti Nilichoandika

Jumapili, Novemba. Mvua imenifuata kutoka Muleba, ikanisindikiza Kemondo, na sasa iko juu ya bati langu hapa Kibeta, inapiga mpaka redio haisikiki. Nimefika saa kumi jioni nimelowa chapachapa. Nimevua gauni la kanisani, nimejifunga khanga, nimechemsha chai ya tangawizi. Bado nina hasira, ingawa kesi nimeshinda.

Niliitwa na ukoo wa marehemu mume wangu nikajieleze kwa sababu ya nyama.

Wiki mbili zilizopita niliandika hapa mtandaoni kuhusu nyama za porini ninazozipenda. Niliandika kwa raha zangu, sikumchokoza mtu. Niliandika kwamba nyati ni mkaidi, unamchemsha asubuhi unamla jioni, lakini mchuzi wake ukiumwagia ndizi utasahau jina lako. Kwamba kanga ana ladha ya kuku aliyetembea sana, kuku mwenye misuli na akili. Kwamba ndezi, pamoja na sura yake ile ya panya inayowatisha watu wa mjini, ana mafuta laini chini ya ngozi, na akikaushwa juu ya moshi siku mbili unamtafuna mpaka mifupa. Na mwisho nikaandika kwamba wote hao wakae pembeni, maana mfalme ni pongo, yule swala wa vichakani. Nikamsifia kuanzia ini mpaka paja. Kuhusu paja niliandika kwamba linayeyuka mdomoni.

Basi, hapo ndipo nilipowasha moto.

Kwa msiotoka huku, nieleze. Kila ukoo wa Kihaya una muziro wake, yaani mnyama au kitu ambacho watu wa ukoo huo hawali hata wakifa njaa. Ukoo wa mume wangu muziro wao ni pongo, ambaye sisi tunamwita engabi. Ukiolewa, muziro wa mume unakuwa wako pia. Hakuna anayekuuliza kama unapenda.

Mimi nilizaliwa nyumba ya mwindaji. Tata, yaani baba yangu, alikuwa na mbwa wanne wenye njuga za mti shingoni, na enzi hizo pongo walikuwa wanashuka mpaka kwenye mibuni. Siku akirudi na mnyama, kijiji kizima kilijua kwa harufu. Wanaume walikaa uani wakala. Wanawake walipika. Mae, mama yangu, alikuwa anapika pongo vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua, na hakuwahi kumwonja maishani mwake, kwa sababu mwanamke hakuruhusiwa. Kama vile hakuruhusiwa kuku, wala mayai, wala senene. Senene! Alikuwa anawakamata yeye, anawanyonyoa mabawa yeye, anawakaanga yeye, halafu anakaa pembeni anasikiliza wanaume wakitafuna. Chumvi alikuwa anaipima kwa pua.

Ila tata alikuwa na udhaifu mmoja, ambao ni mimi. Alikuwa ananiita nyuma ya kihenge, ananipa kipande cha ini na ubavu mmoja mdogo, anasema, "Kula haraka, ufute mdomo." Nilikula haraka. Nikafuta mdomo. Ladha ile sijaisahau hadi leo: nyama nyororo, tamu bila kutiwa kitu, yenye harufu ya majani mabichi kwa mbali.

Halafu nikaolewa na Deo.

Nilimpenda Deo, kwa hiyo pongo nilimwacha, na sikuona kama nimetoa sadaka kubwa. Miaka ishirini na saba sikumgusa. Lakini Deo mwenyewe, ambaye tangu azaliwe hakumwonja, alikuwa na hamu ya kujua. Tukikaa jikoni tunamenya ndizi aliniuliza, "Hebu niambie tena, ikoje?" Nami nilimwambia. Nilianza na ini, nikaenda kwenye mbavu, nikamalizia na paja. Alikuwa anasikiliza kisu kimesimama mkononi. Wakati mwingine alimeza mate, tukacheka mpaka watoto wakaja kuuliza kuna nini.

Deo ana miaka mitatu kaburini, pale kwenye kibanja chetu, shamba letu la nyumbani Muleba, kati ya migomba na mibuni niliyoipanda kwa mikono yangu.

Mwaka huu hapa mjini likafunguliwa bucha la nyamapori, lenye kibali na muhuri na friji la kioo. Nilipita mbele yake mara tano bila kuingia. Mara ya sita niliingia. Yule kijana akaniambia kuna nyati, kuna swala, na leo bahati yako mama, kuna pongo, mbavu tu zimebaki. Nikasikia sauti yangu inasema, nipimie kilo moja.

Sasa niungame. Niliipika hapa Kibeta, na nilipoanza kuipika nilifunga dirisha. Mtu mzima wa miaka hamsini na minne, ndani ya nyumba niliyoijenga mwenyewe kwa mshahara wa ualimu, nafunga dirisha kama mwizi. Nikala nimesimama. Kipande cha kwanza kilikuwa kile kile cha nyuma ya kihenge, nikalia. Kisha nikajikuta, bila kufikiri, nafuta mdomo haraka.

Hapo ndipo hasira iliponipanda. Nilifungua dirisha, madirisha yote mawili, nikavuta kiti, nikakaa nikala taratibu mpaka sahani ikawa nyeupe. Kesho yake nikaandika.

Siku ya tatu alipiga simu shemeji yangu Novatus, mdogo wake Deo. Novatus amefanya biashara ya dagaa kisiwani Goziba zaidi ya miaka kumi, amerudi nchi kavu, na tangu arudi macho yake hayatoki kwenye kibanja cha kaka yake. Mimi na Deo tulijaliwa mabinti wawili. Hatukupata wa kiume, na Novatus hajawahi kuniacha nisahau. Akaniambia kwa sauti ya upole ile ya kuudhi, "Shemeji, umejitoa mwenyewe. Mke anayekula muziro wa ukoo si mke wa ukoo. Kibanja hakiwezi kukaa na mtu wa nje. Jumapili ya wiki ijayo ukoo unakaa."

Sikulala vizuri wiki nzima. Niseme ukweli, niliogopa. Pale ndipo Deo alipolala, na pale ndipo nilipotaka kulala mimi. Binti yangu Asela alinisihi kwa simu, "Mama, si ufute tu? Ni maneno ya mtandaoni." Mara mbili niliweka kidole pale pa kufutia. Mara mbili nikamkumbuka mae na chumvi yake ya puani.

Sikufuta.

Leo baada ya misa nikaenda. Walikuwa wamekaa kwenye baraza la nyumba yangu ya Muleba, viti vyangu, wananisubiri mimi kama mgeni. Ta Kalumuna, mkubwa wa ukoo, katikati. Wazee wengine wanne. Novatus amevaa koti. Na Ma Yudita, shangazi yake Deo, mwanamke pekee, kwenye mkeka. Nilipopiga magoti kumsalimu alinishika mkono, akaugeuza juu chini, akapandisha na mkono wa gauni mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa anatafuta mabaka. Wanasema anayekula muziro ngozi inamwota mabaka na meno yanang'oka.

"Meno nayo yapo, shangazi," nikamwambia, nikafungua mdomo. Alitabasamu, akajifanya anakohoa.

Novatus akaanza. Akasoma maneno yangu kwenye simu yake, yote, mbele ya wazee, kwa sauti ya mtu anayesoma kesi ya mauaji. Alipomaliza, Ta Kalumuna akaniuliza kama niliandika mimi.

Nikasimama. Nikasema, "Waitu Tata, nimeandika mimi na nimekula mimi. Sikuila hapa. Jiko hili halijawahi kuiona na halitaiona, kwa heshima ya aliyelala pale. Miaka ishirini na saba nilishika muziro wenu kwa sababu nilimpenda mtoto wenu. Sasa hayupo. Nimekula nyumbani kwangu Kibeta, ilikuwa tamu, na siombi msamaha kwa utamu wake. Kama kwa hilo mnanitoa kwenye kaburi la mume wangu, nitoeni mkiniangalia usoni."

Ta Kalumuna alikuwa anaangalia fimbo yake. Nadhani angeendelea kuiangalia, na mambo yangeweza kwenda upande wowote, kama Novatus angekaa kimya.

Lakini Novatus hajawahi kukaa kimya.

"Msimsikilize!" akaruka juu. "Hata ukweli wenyewe hausemi huyu! Eti paja linayeyuka mdomoni. Linayeyuka wapi? Paja la pongo ni kavu kama ubao, usipolitia mafuta hulimezi!"

Jamani.

Wazee wote waligeuka wakamtazama. Novatus mwenyewe alibaki amesimama na kidole juu, na nikaona namna maneno yake yalivyomrudia masikioni, moja moja.

Ma Yudita ndiye aliyezungumza, kwa upole kabisa. "Novatus, mwanangu. Usipolitia mafuta?"

Akaanza kubabaika. Mara eti ameambiwa. Mara eti Goziba kuna wavuvi wa kila kabila, wanaleta nyama kavu kutoka nchi kavu, mtu hujui umepewa nini. "Na mafuta mlitia ya aina gani?" mzee mmoja akauliza, sijui kwa kejeli au kwa hamu. Hapo Ma Yudita akashindwa, akacheka mpaka akashika mbavu, na wale wazee nao wakafuata mmoja mmoja, wanajifuta macho kwa leso. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshikilia nguzo ya baraza ili nisianguke.

Ta Kalumuna alisubiri wakanyamaza. Kisha akasema kibanja ni cha mkwe wao mpaka siku atakapolala kando ya mumewe, na baada yake ni cha mabinti zake, na anayetaka kulileta tena jambo hili aanze kwanza kwa kupandisha mikono ya koti lake watu waone ngozi. Novatus akakaa. Mzee akanigeukia. "Nyama hiyo isivuke uzio huu."

"Haitavuka, Tata."

"Na yale maandishi?"

"Yale siyafuti."

Akashusha pumzi, akasema, mbwenu, haya basi, tuletewe kahawa. Nikaleta kikapu kidogo cha kahawa kavu, tukatafuna wote. Hata Novatus nilimpa. Alichukua punje mbili bila kuniangalia.

Nilikwenda kaburini kabla ya kuondoka. Mvua ilikuwa inaanza. Nilitaka kumweleza Deo yote, nimchekeshe, lakini kuna jambo moja lilinizuia, na ndilo lililonifanya nikae kuandika leo badala ya kulala.

Paja sijawahi kulila.

Tata alinipa ini na ubavu. Paja lilikuwa la wanaume wa uani, na bucha walikuwa na mbavu tu. Paja nililomsimulia Deo miaka ishirini na saba nililitunga, kwa sababu alipenda kusikia, na kwa sababu niliamini kwamba nilichonyimwa lazima kiwe kitamu kupita chote. Wiki mbili zilizopita niliwaandikieni ninyi uongo ule ule. Katika baraza lile lote, mtu pekee aliyesema kweli kuhusu paja la pongo ni Novatus, na inaniuma kuandika sentensi hii.

Au naye anadanganya? Ya Goziba ilikuwa nyama iliyokaushwa, na nyama iliyokaushwa itakosaje kuwa kavu? Huenda hajui kupika. Huenda wanaume wa uani walikuwa wanakula ubao miaka yote ile huku mae akiwaonea wivu bure, na huenda walikuwa wanakula kitu ambacho sina hata neno lake.

Siwezi kukubali nife nikiwa nimeambiwa tu. Mae aliambiwa. Deo aliambiwa, tena na mimi, na hakuambiwa kweli.

Kesho Jumatatu bucha linafunguliwa saa mbili. Nitakuwa mlangoni. Nitaomba paja zima, na madirisha yatakuwa wazi.