Nani Akikosekana, Kazi Inasimama?

Jumanne, 3 Septemba

Bulletin imefika. Inanifikia kwenye simu kila Jumanne tangu ile formation, mafunzo ya siku moja pale hotelini (nilikwenda kwa ajili ya chakula cha mchana, tusidanganyane). Inatoka Ulaya: hatari zinazotishia biashara duniani, na namna ya kujikinga. Meli za Bahari ya Shamu. Vipuri vya kompyuta. Wezi wa mtandaoni. Nimesoma yote nikiwa juu ya kreti tupu, ndani ya depo yetu ya jibini hapa mtaani Mapendo. Mlango una kufuli moja, na ufunguo wake unaning'inia kwenye kamba ya kiatu.

Akaja mama mmoja kununua jibini. Nikamweleza habari za Bahari ya Shamu. Akauliza kama ndiko inakopita jibini yetu inayotoka Masisi. Nikasema hapana. Kahambu, mke wangu, akamhudumia. Mimi nikaendelea kusoma.

Ijumaa, 6 Septemba

Swali la bulletin ya wiki hii halinitoki kichwani: katika biashara yako, nani akikosekana kesho, kazi inasimama? Mtafute wa kushika nafasi yake mapema.

Nimetazama huku na huku. Jibu ni Kahambu. Tangu njia ya Sake ifungwe kwa vita, jibini inazunguka mbali, na ni yeye anayejua inapita wapi na nani anaibeba. Muzee Ntirenganya, anayetutengenezea jibini kule Masisi, nikimpigia anasema neno moja: "Mupatie mama simu." Ninampatia mama simu. Ndiyo kazi yangu, ukiipima vizuri.

Nimepata wa kumfundisha: Uwingabire, yule mjane kijana anayepanga chumba nyuma ya depo. Ana akili, anajua Kinyarwanda, atasikilizana na Muzee; nimemwambia aanze kazi Jumatatu. Nimelala nikijipongeza.

Jumapili, 8 Septemba

Jean de Dieu, kaka yake Kahambu, alikuja na mkewe kutoka Keshero. Bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani, watu wanakula vizuri. Nikaona hiyo ndiyo nafasi. Nikasimama — nilisimama kabisa, kama pasta — nikawaambia kwamba biashara yetu inamtegemea mtu mmoja, Kahambu akifa leo kesho tunafunga, lakini wasiwe na hofu, wa kushika nafasi yake nimeshampata. Nikamtaja.

Wakaacha kula. Nilidhani wamevutiwa. Kwa hiyo nikaongeza: afadhali huyo mwingine azoee nyumba mapema, huyu angali hai.

Jean de Dieu akamgeukia dada yake, akamuuliza polepole: "Uko mugonjwa?"

Kahambu akasema hapana, hajui nimetoa wapi hayo. Akakusanya sahani ambazo watu hawajamaliza.

Jumatatu, 9 Septemba

Asubuhi Uwingabire amekuja kazini amevaa vizuri. Nyuma yake shangazi yake, Mama Nyirarukundo, na mwavuli. Akakaa bila kukaribishwa.

"Papa Benny, tumesikia. Banasema unatafuta wa kuremplasa mama, wa kukamata nafasi yake. Sasa, mutoto wetu atakaa mu nyumba kubwa ao mu annexe, kale kanyumba ka nyuma?"

Nikasema ni kazi tu, ya jibini.

"Njo vile banasemaka. Kwetu hatuanzaka na kazi. Tunaanzaka na ng'ombe."

Uwingabire akajifunika uso na kitenge. Mabega yalikuwa yanacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeelewa, saa ishirini baada ya mtaa mzima. Kahambu alikuwa mlangoni na aliyasikia yote, mpaka ng'ombe.

Jumanne, 10 Septemba

Kahambu ameondoka. Bila kelele, kitenge cha safari na simu yake. Nilimfuata mpaka barabarani nikimweleza maana ya hatari. Akasema: "Papa Benny, umesha kunizika na umesha kuoa. Acha basi nitoke mu kaburi niende kwa kaka."

Bulletin imefika. Wezi wa mtandaoni tena.

Alhamisi, 12 Septemba

Jibini hazijafika. Nimempigia Muzee Ntirenganya.

"Mupatie mama simu."

Nikasema mama hayuko.

"Basi na fromaji haiko."

Ule mpango wangu ulikuwa sahihi kabisa. Uliona mbele kila kitu: Kahambu atakosekana, kazi itasimama. Haukuona tu kwamba atakayesababisha ni mpango wenyewe. Uwingabire naye amekataa kuja mpaka jina lake lisafishwe, na ana haki.

Nyumba imepoa. Nimepika chai, nikatoa vikombe viwili. Nimemkosa mke wangu, siyo mtu wa jibini. Bulletin haina ukurasa wa hilo.

Jumamosi, 14 Septemba

Keshero. Ninaandika kwenye benchi, uani kwa Jean de Dieu. Nimekuja na mzee wa kanisa, Papa Zihindula, wa kunisemea, na mbuzi wa kuombea msamaha. Mbuzi nimembeba kwa pikipiki kutoka Mapendo. Amenikojolea suruali, na nimeingia hivyo hivyo kwa shemeji zangu.

Papa Zihindula alisema vizuri. Jean de Dieu akasikiliza, kisha akaniuliza mimi: "Shemeki, ulimutafutia dada yetu wa kumuremplasa. Na weye? Weye ulijitafutia nani?"

Nikasema ukweli, maana uongo mzuri haukuja. Nikasema swali lilikuwa nani akikosekana kazi inasimama. Nilijitazama, nikaona mimi nikikosekana hakuna kinachosimama. Ndiyo maana sikutaja jina langu. Nilimtaja yeye peke yake, hakukuwa na wa pili.

Kahambu alikuwa anaangalia mikono yake. Wakaniambia nitoke kwanza.

Baadaye akatoka yeye. Akamtazama mbuzi, hakunitazama mimi.

"Zile fromaji zenye zilibakia, nani anazigeuza zisioze?"

"Hakuna mutu."

"Hata weye?"

"Sikujua kama zinageuzwaka."

Akatazama suruali yangu. Akaingia ndani, mlango akaufunga. Sasa namsikia dirishani, anaongea kwa simu: "Muzee Ntirenganya... Hapana, sijarudia... Ndiyo, Papa Benny iko hapa inje. Na mbuzi." Muzee anasema kitu kirefu, na anasikilizwa.

Dirisha limefunguka. Mkono wake na simu.

"Anasema nikupatie."