Neno Nililoliacha Wazi

Jumatatu, 4 Agosti 1958

Upepo tangu alfajiri. Vumbi mpaka ndani ya taipureta — herufi ya "e" inanata. Daktari kaacha rundo la mikanda ya sauti, barua za wagonjwa, mezani kwangu, hata salamu hakuna. Yeye anasema na ile mashine ya kunasa sauti huku ameuma kiko, mimi navaa visikilizio, nakanyaga pedeli, narudisha, nakanyaga tena, napiga chapa. Watu wanadhani ni kazi ya kukaa kivulini tu. Waje wajaribu!

Sheria yetu: neno lisiposikika, usibuni. Acha pengo, tia alama ya penseli pembeni, kaulize kwa Mzee Yotham, mtoa dawa, kabla Daktari hajatia sahihi. Daktari mwenyewe hataki kuulizwa.

Leo mapengo matatu. Mzee Yotham kafungua kamusi yake ya uganga, ile iliyotoka jalada, kanimiminia chai. Pengo kubwa lilikuwa la Matonya, mfugaji wa upande wa Mvumi mwenye uvimbe kwenye ini. Neno ni hydatid. Mzee kanieleza: ni mnyoo wa mbwa, unajijengea kifuko cha maji ndani ya mtu. Hakichomwi sindano hovyo — maji yakimwagika tumboni, mtu anaweza kufa palepale. Daktari wa upasuaji akiliona neno hilo tu, anajua la kufanya.

Yale mengine mawili nilikuwa nayajua. Niliyaacha makusudi. Haya, nimesema. Ningeyajaza, ningekunywa chai na nani?

Jumatano, 6 Agosti

Loisi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, kapita na ndoo bila kunitazama. Zamani chumvi yake ilikuwa yangu, na yangu yake. Mwezi uliopita mumewe alipimwa, majibu nikayapiga chapa mimi. Sijamwambia mtu. Sitamwambia mtu! Lakini Loisi anajua kwamba najua, basi imekuwa hivyo. Wauguzi nao nikiingia wananyamaza. Makarani wa mbele, wanaume watupu, wananiita Bibi Mashine, wanacheka, wanarudi kwenye mambo yao.

Siku nzima sauti pekee masikioni mwangu ni ya Mwingereza anayetaja magonjwa. Upweke huu unanichosha kuliko kazi.

Mapengo leo yalikuwa manne. La kweli moja. Mzee Yotham kasimulia habari za mbuzi wake aliyetafuna mkeka wa kanisa. Nikacheka mpaka machozi. Kicheko kikaisha, machozi yakaendelea. Nikasingizia vumbi.

Ijumaa, 8 Agosti

Barua ya kumpeleka Matonya Dar es Salaam akapasuliwe. Hydatid — limesikika wazi kabisa, hata kiko hakikuliziba. Nikaacha pengo.

Nikaenda kwa Mzee. Mlango umefungwa, kaenda mazishini Makutupora. Nikaiacha barua mezani na alama yake ya penseli, nikasema kesho nitajaza. Matonya alikuwa amekaa barazani na blanketi lake. "Mbukwa," akaniamkia, kisha akaniuliza kama ni kweli bahari inanuka. Nikamwambia sijawahi kuiona. Kaahidi kunisimulia akirudi.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimekuta meza tupu. Bwana Nazir, karani mkuu, kasema Daktari kapata safari ya ghafla ya Kondoa. Jana jioni alipita akatia sahihi kila kilichokuwa mezani, na Matonya akapandishwa gari moshi la usiku, bahasha mkononi. Nikauliza kama Daktari aliisoma. Bwana Nazir akaniuliza, kwani ina nini?

Barua inasema uvimbe kwenye ini, halafu nafasi nyeupe. Wataona uvimbe wa maji. Watachukua sindano.

Nikakimbia kwa Mzee Yotham. Hata shikamoo sikuimaliza. Nikamwambia yote.

"Neno ulikuwa unalijua?"

"Nalijua tangu Jumatatu. Na mengine mengi niliyokuletea nilikuwa nayajua."

Akavua miwani, akaifuta taratibu. Nikasubiri kufokewa. Ningependa anifokee.

"Nilijua siku nyingi, Anyesi. Ungekuja tu, mwanangu. Nani alikwambia lazima uje na neno?"

Akavaa koti. Tukashika njia ya posta. Telegramu tumepeleka hospitali ya Dar es Salaam, kwa jina lake na langu: Matonya, uvimbe wa ini ni hydatid, msichome sindano. Karani wa posta kasema itafika leo hii. Ila Jumamosi mchana kama hospitali kuna mtu wa kuipokea na kuipeleka wodini, hilo yeye hajui.

Nimekaa chumbani. Namwona Matonya amelala kitandani, mgeni, Kiswahili chenyewe cha kubabaisha, hana wa kumsemea. Mimi ndiye niliyekuwa wa kumsemea.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani sikuimba. Hakuna jibu.

Jumatatu, 11 Agosti

Bado kimya. Bwana Nazir kapiga simu Dar es Salaam mara mbili, laini inanguruma tu. Nimemwambia ukweli. Kasema itabidi Daktari ajue akirudi. Nimesema ndiyo. Kazi nikiipoteza shauri yangu, mradi yule mtu awe hai.

Mikanda miwili leo. Kila neno nimelijaza. Saa kumi nimekuja kwa Mzee Yotham bila karatasi yoyote, sikujua hata mikono niiweke wapi. Marahaba, kaa, kasema. Katoa vikombe viwili. Kaniuliza nimekula nini mchana. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kuniuliza hivyo. Anapima dawa ya mgonjwa, nami naandika hapa benchini kwake.

Tarishi wa posta kaegemeza baiskeli getini. Bwana Nazir katoka. Anatia sahihi, anafungua telegramu, anasoma amesimama. Anasoma tena. Sasa anakuja huku. Upepo unatimua vumbi, uso wake siuoni vizuri.

Mzee amemimina chai. Ananiambia niweke kalamu chini